Marehemu wa Nguzo ya Tatu

Mlionisoma Jumapili iliyopita mnakumbuka nilipokatia: basi limesimama, watalii wameshuka kwenda kujaza sahani, na mwanamke mmoja amebaki kiti cha nyuma, mkoba mapajani, hataki kushuka.

Aliyelikosa gazeti asihangaike kulitafuta, nitamfikisha. Mimi ni Delbert Stroud, mstaafu. Nimegawa karata Las Vegas miaka ishirini na mitatu. Magoti yaliponigomea nikahamia kwenye basi la watalii, nikawa naongea kwenye kipaza sauti kutwa nzima. Shule niliiacha darasa la nane. Historia ya mji nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya zamani na midomo ya wazee, na pale walipoishia wao nimeendelea mimi.

Lakini wageni ndio walionifundisha uongo. Niliwaambia ya kweli wakayakataa. Niliwaambia hapa palikuwa na chemchemi na majani tu, kampuni ya reli ikaja ikaukata mji vipande, ikavinadi juani kama mbuzi, wakapiga miayo. Niliwaambia waimbaji weusi walikuwa wakishangiliwa jukwaani, kisha wanatolewa kwa mlango wa jikoni wakalale ng'ambo ya reli; wakatazama dirishani. Niliwaambia miaka ya hamsini watu walikuwa wakipanda paa la hoteli na glasi mkononi kutazama bomu la atomiki likilipuka jangwani. Wakacheka. Mmoja wa Ohio akasema huyu babu anatupiga kamba.

Nilipowaambia kuna mtu amezikwa wima ndani ya nguzo, walivua kofia.

Basi nikaendelea kuwazikia. Kila siku, saa tano asubuhi, basi likisimama mbele ya hoteli ya El Quemado, nilikuwa namzika Verlin wa Amarillo. Verlin alikuwa mgawa karata mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwaka hamsini na saba alimcheka mwenye hoteli mbele ya wageni wake. Wakati huo mnara wa pili ulikuwa unajengwa. Wakamsimamisha ndani ya nguzo ya tatu, wakammwagia zege.

Uongo mtupu. Isipokuwa jina.

Katika mji wetu kila mfanyakazi wa kasino huvaa beji kifuani, jina lake juu, na chini yake mji aliotoka. Hakuna anayeandika Las Vegas. Mji mzima wageni, hata walio kazini. Siku moja niliagizwa kutupa boksi la beji za zamani, na ya juu kabisa ilisema: Verlin, Amarillo. Nikaliona jina tamu. Nikaitia mfukoni.

Sasa yule mwanamke wa kiti cha nyuma. Aliniambia anaitwa Corinne Tackett, anafanya kazi ya kukunja mashuka kwenye dobi la hoteli. Verlin wa Amarillo alikuwa baba yake. Alitoka nyumbani mwaka hamsini na saba, Corinne ana miaka minne. Hakurudi.

Pale ndipo nilipowaacha. Leo nawaambia nilichomjibu, na nawaambia nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mtu mwenye akili zake angesema maneno matatu: dada, samahani, nimetunga. Nilifungua mdomo niyaseme. Ila Corinne aliniwahi.

"Aliumia?" akauliza.

Sijui nani alijibu. Sauti ilikuwa yangu.

"Hakulia," nikasema. "Wanasema alikuwa bado anacheka zege lilipomfika kifuani."

Corinne aliufungua mkoba wake, akaufunga. Kisha akatabasamu, na ningependa kuwaambia lilikuwa tabasamu baya, nipate nafuu. Halikuwa baya.

"Miaka hamsini nimekuwa mtoto aliyeachwa," akasema. "Wanaume watatu wameniacha, na kila mmoja nilimsaidia kufunga mizigo, maana nilijua mimi ndiye mtu wa kuachwa. Kumbe sikuachwa. Nilinyang'anywa. Si kitu kimoja, Bwana Stroud."

Si kitu kimoja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu nilikuwa nimeshaiwekea lami.

*

Wiki iliyofuata Corinne alinipeleka kwa mama yake. Bi Opal alikuwa akikaa kwenye nyumba ya bati ya kuhamishika kando ya Barabara ya Boulder, mtungi wa oksijeni pembeni ya kiti, mrija puani. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Daktari alishasema hataiona Krismasi.

Nilitegemea machozi. Bi Opal alinitazama kutoka viatu kwenda juu, kama anayepima nguo dukani.

"Nguzo ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu, mama."

"Kwa nini si ya kwanza?"

Nikasema mbili za mwanzo zilikuwa zimeshakauka. Alicheka hadi mrija ukamtoka puani, Corinne akaurudisha. Akaniuliza zege lilimwagwa asubuhi au jioni. Nikasema asubuhi. Akaniuliza Verlin alikuwa amevaa nini. Nikasema shati jeupe na tai nyeusi, maana wote tulivaa hivyo. Akawa anaitikia kila jibu kwa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha.

Kisha akamwagiza Corinne amletee kopo la juu ya friji. Ndani ya vifungo na sindano akatoa pete ya ndoa. Ilimpwaya, vidole vimekwisha. Akaivaa hivyo hivyo.

Corinne alikwenda jikoni kulia. Alikuwa hajamwona mama yake na pete tangu apate akili. Mama huyo alimlea kwa sentensi moja: baba yako katoka, tusimzungumze.

Tulipobaki wawili, Bi Opal akanishika mkono. "Wewe kijana," akaniambia, na mimi nina miaka sabini, "hadithi yako nzuri. Usiibadilishe. Hata nikifa, usiibadilishe."

Nikaona ni mgonjwa anayeomba faraja. Nikaapa.

*

Bado nilikuwa naweza kujinasua, msidhani sikuwa na nafasi. Nafasi zilikuja mbili.

Ya kwanza ilikuja habari ilipotoka kwamba El Quemado inabomolewa. Mji wetu hauna subira na kitu kizee. Hoteli ikichoka hawaipaki rangi, wanaitia baruti, na watu wanakuja na viti na vitafunio kuiaga. Corinne akaandika barua kwa wenye hoteli: kabla hamjalipua, fungueni nguzo ya tatu, nimtoe baba yangu.

Mkuu wao wa matangazo, kijana mmoja wa viatu vya kung'aa aitwaye Brandt, akatuita mimi na Corinne ofisini. Akasema kwa upole kwamba mafundi wameshatoboa nguzo zote ili kuweka baruti. Ya tatu ina matundu kumi na mawili. Hakikutoka kitu ila zege.

Corinne akanigeukia. Jambo lilikuwa limekwisha lenyewe, sikutakiwa hata kuungama. Nilitakiwa ninyamaze tu.

"Matundu mmetoboa wapi?" nikamuuliza Brandt.

Akasema usawa wa kifua.

"Basi," nikasema. "Mnara ule umezama mchangani tangu hamsini na saba. Mtu wenu yuko chini ya sakafu."

Brandt alinikodolea macho. Corinne alishusha pumzi, akanipigapiga bega. Ukilikoroga utalinywa, na mimi nilikuwa nimeshaomba kikombe cha pili.

Kijana huyo lakini hakuwa mjinga. Alielewa kwamba hoteli yenye maiti ina wateja kuliko hoteli yenye bwawa. Kufungua sakafu akakataa. Badala yake akatoa lake: siku ya kuibomoa, mjane mwenyewe ndiye abonyeze kitufe. Jengo lote liwe kaburi la Verlin, kwa heshima, na sala, na waandishi wa habari.

Nilidhani Corinne atamtemea mate. Alikubali. Alisema mama hajawahi kumzika mumewe, na muda wake ni mfupi.

Gazeti likaandika ukurasa mzima. Picha ya Bi Opal na pete. Picha yangu nikionyesha nguzo kwa kidole.

Siku ya tatu simu ikalia.

*

Aliyepiga alikuwa mhudumu wa nyumba ya wazee mjini Kingman, Arizona, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Akasema wana mzee wao, kinyozi mstaafu, Leonard Voss, ambaye tangu aione picha yangu gazetini hali chakula vizuri. Anataka kumwona mwandishi wa ule uongo. Mhudumu akaniomba radhi kwa neno hilo. Nikamwambia nimeshalizoea.

Nikaenda. Nilijiambia ni mzee anayetaka mtu wa kuongea naye.

Nilimkuta mezani, mdogo wa mwili, safi, tai imekazwa hadi kooni. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, tukaletewa maharagwe na mkate wa mahindi. Akaniambia hajawahi kukanyaga kasino maisha yake yote, anaziona ni dhambi. Alitaka tu kuona sura ya mtu anayeweza kusema uongo mkubwa namna ile bila kucheka. Nikamwambia sura ndiyo hii. Akasema alitarajia kubwa zaidi.

Tukala. Akanihadithia vichwa alivyonyoa. Nikamhadithia bwana harusi niliyemwona akioa mara tatu asubuhi moja kwenye makanisa yetu ya dakika kumi, maana mabibi harusi wawili wa kwanza walipotelea kwenye mashine za kamari. Hakucheka. Nikaona nimepoteza petroli.

Sasa kuna jambo sharti mlijue. Mgawa karata anapoiacha meza yake, hugonganisha viganja kofi moja, kisha huvigeuza juu, chini, vidole vimeachana. Ni kwa ajili ya wale wanaotutazama kutoka darini: mikono mitupu, siibi. Unafanya hivyo mara nane kwa siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka mikono inajua yenyewe. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo nikiinuka mezani kwangu, mke wangu Joyce akinuna. Siku tuliyomzika Joyce niliweka udongo kaburini, nikapiga kofi, nikageuza viganja. Shemeji zangu hawajanisemesha hadi leo.

Basi mhudumu alipokuja kukusanya sahani, mimi na Leonard Voss tukasimama kwa pamoja.

Tukapiga kofi pamoja. Tukageuza viganja pamoja, juu, chini, tukitazamana.

Hakuna kinyozi duniani afanyaye hivyo.

Mikono yake ilibaki hewani. Aliitazama kama imemsaliti mbele ya hakimu. Kisha akakaa, na mimi nikakaa.

"Verlin," nikasema.

"Umenizika vizuri," akasema. "Ila mimi sijawahi kuwa mtu wa kucheka."

Msomaji, nimekaa na maiti mara mbili tatu, kazi ya kasino inayo hayo. Sijawahi kukaa na maiti yangu mwenyewe ikinywa kahawa.

Nikamuuliza alikwenda wapi mwaka ule. Akasema asubuhi hiyo alitoka zamu, wakapanda paa na wageni kutazama bomu. Anga ikawa nyeupe. Alijiziba macho kwa mkono akaiona mifupa ya vidole vyake mwenyewe. Hapo nikajua kwa uongo tumekutana ndugu. Akashuka ngazi, akapita kituo cha basi, akapanda la kwanza. Lilikuwa la Kingman.

"Saa mbili tu kutoka nyumbani," nikasema.

"Saa mbili."

"Miaka hamsini."

"Ukishamaliza wiki ya kwanza," akasema, "zilizobaki hazisumbui."

Nilimchukia, nawaambia kweli. Nilimwambia ana binti anayekunja mashuka ya watu, ambaye juzi tu ameanza kulala usingizi wa mtu mzima kwa sababu anaamini baba yake alikufa. Hakuuliza binti anafananaje. Hakuuliza Opal ni mzima au mgonjwa. Nikaona ni ukatili wa kiwango ambacho hata mimi sijawahi kukitunga.

Akauliza siku ya baruti ni lini. Nikamwambia Jumanne.

"Nipeleke."

Nikakataa. Akasema ni sawa, basi la Kingman bado lipo, na linarudi vilevile linavyokuja. Ila akipanda basi, atashukia dobini kwa Corinne.

Nikamwuliza anataka nini huko. Anataka asamehewe? Anataka pete?

"Nataka kumwona Opal," akasema. "Kwa mbali. Mara moja. Halafu unirudishe, ninyolewe na kuzikwa na hawa wa Arizona."

Tukawekeana masharti kama wazazi wanaoozesha binti. Avae kofia na miwani myeusi. Asimame nyuma ya vizuizi, kati ya watu. Asitamke neno. Jengo likianguka, aende kwenye gari langu.

Nilijiambia namkinga Corinne. Leo sina sababu ya kuwadanganya: nilikuwa najikinga mimi. Katika mji ule nilikuwa nimepita miaka yote bila mtu kunijua, na sasa watu walikuwa wananisimamisha barabarani kunishika mkono, kwa sababu ya maiti. Sikutaka afufuke.

*

Jumanne, saa mbili asubuhi. Maelfu ya watu walikuwa juu ya mapaa ya maegesho, na viti vyao, na keki, watoto wamefungwa vitambaa puani. Bendi ilipiga. El Quemado ilisimama katikati bila madirisha, kama mdomo wa mzee aliyeng'olewa meno.

Verlin nilimwacha nyuma ya kizuizi, kofia hadi kwenye nyusi. Alishika chuma kwa mikono miwili. Nikamkumbusha masharti. Alikuwa hanisikii.

Brandt alikuwa amejenga jukwaa dogo, lina zulia na kitufe chekundu kikubwa kama sahani. Cha urembo tu. Cha kweli kilikuwa mkononi mwa fundi ndani ya gari, akimtazama bibi kwa darubini. Bi Opal aliletwa kwa kiti cha magurudumu, gauni la buluu, midomo imepakwa rangi. Corinne alimshika mkono, na mkono mwingine alibeba chupa ya maji.

Mchungaji akasali. Mimi nikapewa kipaza sauti, nimzike Verlin mara ya mwisho.

Nilikuwa nimemzika mara elfu kadhaa. Siku hiyo tu ndiyo nilimzika vibaya. Nilisahau shati, nilisahau tai, nikaruka hadi kwenye zege. Kila nikiinua macho naiona kofia. Watu hawakujali, walipiga makofi. Brandt akaninong'oneza kwamba unyonge ule umependeza sana.

Nilipokuwa nashuka, Corinne alinivuta mkono, akanisogelea sikioni.

"Bwana Stroud, nitakuuliza mara moja, na baada ya leo sitakuuliza tena," akasema. "Nimeota wiki nzima kwamba nguzo ni tupu. Mama akibonyeza, na mimi nimemzika. Nitaacha kumtafuta kwenye nyuso za watu dukani. Kwa hiyo niambie sasa. Yumo?"

Alikuwa umbali wa hatua thelathini kutoka kwa baba yake, amempa mgongo.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya pili. Nikautazama uso ule. Ulikuwa umejiandaa kwa majibu yote mawili, nadhani. Nadhani angelistahimili hata lile la pili. Ni mimi niliyeshindwa kulistahimili.

"Yumo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwinamia mama yake, akamwambia haya, mama. Bi Opal aliweka kiganja chenye pete juu ya kitufe, akakaa hivyo kidogo, macho hayakuwa kwenye jengo. Yalikuwa yanapita juu ya watu, polepole, kama mtu anayehesabu kondoo wa jirani. Yakasimama mahali. Kisha akabonyeza.

Mwanzo hakuna kitu. Baadaye milio mifupi mifupi, kama mtu anavunja vidole vyake. Mnara ukatulia, ukafikiri, ukapiga magoti. Ulipofika chini ndipo sauti ilipotufikia, tukaisikia kwa nyayo.

Watu walishangilia hadi walipoliona vumbi.

Upepo ulikuwa umegeuka. Mafundi walisema litakwenda mashariki, kwenye eneo tupu. Lilikuja kwetu, limesimama refu kuliko hoteli yenyewe. Bendi ikaacha kupiga. Brandt alikimbia wa kwanza. Corinne alimfunika mama yake kwa mwili wake, na mimi nikajifunika kwa zulia.

Ukawa usiku wa dakika tatu. Nilisikia kukohoa tu, na vizuizi vya chuma vikianguka.

Lilipoanza kupungua, kulikuwa na mtu anatembea ndani yake.

Alikuwa anatoka upande wa hoteli, kwa vile gizani watu walikimbilia upande huo huo kisha wakarudi, na yeye alizungushwa nao. Lakini nani alijua hayo wakati ule? Alikuwa mweupe kutoka kichwani hadi viatuni, mweupe wa zege. Kofia imekwenda. Miwani imekwenda. Shati jeupe, tai imekazwa hadi kooni. Mama mmoja karibu yangu alijipiga ishara ya msalaba. Bwana mmoja aliyekuwa akila keki aliishusha taratibu chini, akaiacha hapo.

Nilitaka kumwita. Vumbi lilinijaa koo, au niliomba linijae.

Alikwenda moja kwa moja hadi jukwaani. Akasimama mbele ya kile kiti cha magurudumu, mikono imelala ubavuni, kama aliyeitwa ofisini.

Corinne aliinua kichwa. Alikuwa na picha moja tu ya baba yake, ameniambia, ya siku ya harusi, ameitazama kila siku kwa miaka hamsini. Aliutazama uso ule mweupe kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Nikaona midomo yake inatengeneza neno, haitoi sauti.

Nikajua zamu yangu imefika. Nikasogea nianguke miguuni kwake, niseme yale maneno matatu, nilipie nilichokula.

Bi Opal aliniwahi.

Hakupiga kelele. Hakushika moyo. Alifuta vumbi kwenye mrija wake kwa kidole gumba, akavuta pumzi mbili, akamtazama mumewe kwa uchovu, kama mtu aliyegongewa mlango na mgeni wa kila siku.

"Tulikubaliana, Verlin," akasema. "Tulikubaliana ubaki Kingman."

Corinne aliuachia mkono wa mama yake, kidole kimoja kimoja. Hakunitazama mimi. Sikuwa nahitajika tena, uongo wangu ulikuwa mdogo pale jukwaani kuliko yote.

"Mlikubaliana nini, mama?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka minne. "Kwa sababu gani?"

Bi Opal akatazama chini. Akafungua mdomo amjibu.

Verlin aliinua mkono mweupe akamziba mkewe midomo, taratibu, bila kumuumiza.

"Usimwambie," akasema.

Na hilo ndilo neno la kwanza Corinne Tackett kulisikia kwa baba yake baada ya miaka hamsini.